Pampu mbili zinazogombana: kisa cha mawimbi katika tangi la maji ya bahari

Tangi lenyewe liko sebuleni, Mombasa. Lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50, kwa kioo cha milimita 10. Ndani mna maji ya bahari, mchanga wa kina cha sentimita 4, mawe ya kilo 20 na ushei, samaki wadogo sita na matumbawe laini machache. Kichujio ni cha mkebe, kinakaa nje chini ya meza na kupitisha lita 1,200 kwa saa. Mwenye tangi aliongeza pampu mbili za mawimbi, za umeme wa DC (kama wa betri) wa volti 24, kila moja ikiwa na kontrola (kidhibiti cha nguvu yake) na adapta yake. Kila moja imeandikwa lita 4,000 kwa saa.

Miezi michache baadaye mambo yalikuwa hivi. Mchanga ulichimbika katikati ya tangi, karibu na kioo cha mbele, hadi kioo cha chini kikaonekana. Nyuma ya mawe, upande wa kulia, kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula vililala na juu yake ukaota utando mwekundu unaoteleza. Maji yalijaa viputo vidogo, zaidi siku za mwisho wa juma. Pampu ya kulia ilikuwa inanguruma hadi chumba cha pili. Ya kushoto ilikuwa inazima yenyewe, inakaa, halafu inawaka tena. Mwenye tangi alikuwa ameshajiamulia dawa: kununua pampu moja kubwa ya lita 8,000, maana uchafu ule wa nyuma ya mawe ulimwonyesha kwamba mkondo ni mdogo.

Hesabu inasema vingine. Ukitoa unene wa kioo, mchanga, mawe na nafasi iliyoachwa juu, tangi hili linabaki na maji lita 190 hivi. Pampu mbili kwa nguvu zote ni lita 8,000, yaani maji yote yanasukumwa mara 42 kwa saa. Matumbawe laini yanaridhika na mara 15 hadi 25. Tangi la samaki peke yao huendeshwa vizuri kwa mara 10. Hata tukikubali kwamba namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa mpya na bila kizuizi mbele yake, mkondo ulikuwa umezidi. Pampu ya tatu ingechimba shimo la pili.

Maji yalikuwa yakienda wapi

Pampu zilibandikwa kila moja kwenye kioo chake cha ubavuni, katikati kabisa, kwa kimo kimoja, sentimita 4 chini ya uso wa maji, zikitazamana. Ndivyo wengi wanavyozifunga, kwa sababu zinapendeza macho na waya zinashuka sawasawa. Lakini mikondo miwili yenye nguvu sawa ikikutana uso kwa uso haipiti. Inapasuka pande zote: juu, chini, mbele na nyuma. Ule unaoshuka hugonga mchanga na kuuchimba. Ule unaokwenda mbele hugonga kioo, nao hushuka. Ndiyo maana shimo lilikuwa katikati na karibu na kioo cha mbele, wala si mbele ya pampu yoyote. Na nguvu yote ikiishia katikati, nyuma ya mawe hapafiki kitu.

Kabla ya kuhamisha chochote ni vizuri kuuona mkondo kwa macho. Kuna njia mbili, zote za bure. Ya kwanza: funga nyuzi za pamba za urefu wa sentimita 5 kwenye kijiti cha mshikaki, kila baada ya sentimita 10, kisha kisimamishe ndani ya tangi na ukihamishe polepole toka pembe moja hadi nyingine. Uzi unaolala upande mmoja unaonyesha mkondo ulionyooka; unaorukaruka unaonyesha maji yanayovurugika; unaoning'inia tu umekuonyesha mahali palipokufa. Ya pili: saga chakula cha samaki kiwe unga, kikoroge katika kikombe cha maji ya tangi, vuta kwa bomba la sindano na ukiachie mbele ya pampu. Kichujio kizimwe kwanza ili kisikimeze. Dakika tano zinatosha kuona kinatua wapi. Katika tangi hili unga ulitua palepale palipoota utando mwekundu. Nyuzi za katikati zilirukaruka kama bendera kwenye upepo wa kusi, na za pembe mbili za nyuma zikaning'inia.

Mpangilio mpya unafuata wazo moja: maji yote yazunguke kwa upande mmoja. Pampu ya kushoto ikahamishiwa karibu na kioo cha mbele, sentimita 12 chini ya uso, ikielekezwa kulia sambamba na kioo hicho na kuinuliwa pua kidogo ili uso wa maji ukunjamane. Ya kulia ikahamishiwa karibu na kioo cha nyuma, sentimita 18 chini ya uso, ikisukuma kuelekea kushoto kupitia nyuma ya mawe. Sasa moja inapeleka maji mbele, nyingine inayarudisha nyuma, na kila moja inasaidia mwendo wa mwenzake. Mawe yakavutwa sentimita 6 kutoka kioo cha nyuma ili kuwe na njia. Nguvu ikawekwa nusu kwa zote mbili, hivyo mkondo ukawa kama mara 21 kwa saa, na nyuzi zikalala pande zote.

Ukibandika pampu karibu na kioo kirefu namna hii, usiielekeze moja kwa moja kwenye tumbawe lililo karibu. Umbali wa sentimita 15 hadi 20 mbele ya pua ya pampu uwe mtupu. Tumbawe linalopigwa na mkondo mkali hujikunyata upande mmoja tu, ule unaotazama pampu, na hiyo ndiyo dalili ya kuitofautisha na ugonjwa au maji mabaya, ambavyo hulifunga tumbawe zima.

Mchanga ulirudishwa kwa mkono na ukatulia. Punje zake ni za milimita 1 hadi 2. Wenye mchanga laini kama unga, chini ya nusu milimita, watapata shida hata kwa mpangilio mzuri, na kwao pampu ikae juu zaidi na isizidi theluthi ya nguvu zake.

Viputo vya Ijumaa

Viputo vilikuwa na ratiba, na ratiba hiyo ndiyo iliyotoa jibu. Mwenye tangi alikuwa akiongeza maji kila Jumapili. Kwa joto la chumba la nyuzi 29 hadi 31, na feni ikipuliza juu ya tangi, maji yanayokauka ni kama lita 2 kwa siku. Katika tangi hili sentimita moja ya kimo ni lita 5. Kufikia Ijumaa jioni zimepotea lita 10 na uso umeshuka sentimita 2, kwa hiyo pampu iliyokuwa sentimita 4 chini ya maji sasa iko 2. Pampu ya mawimbi huvuta maji kutoka nyuma na ubavuni. Ikiwa karibu na uso, hutengeneza kizingia kidogo kinachomeza hewa, na impela (panga inayozunguka ndani ya pampu) huikata hewa hiyo kuwa viputo vidogo vyenye kuelea muda mrefu. Jumapili maji yanaongezwa, viputo vinakwisha, Ijumaa vinarudi.

Kushusha pampu hadi sentimita 12 na 18 kumemaliza tatizo hata maji yakipungua. Lakini kuna jambo kubwa zaidi lililofichika hapo. Maji yanapokauka, chumvi inabaki. Lita 12 zikipungua kutoka 190, chumvi inapanda kutoka gramu 35 hadi zaidi ya 37 kwa kilo ya maji, kisha Jumapili inashuka ghafla. Samaki wanavumilia, matumbawe hayapendi. Kwa hiyo alama ilichorwa kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye ubavu wa kioo, na maji matamu yaliyochujwa yanaongezwa kila asubuhi kufika alama. Maji matamu, si ya bahari. Anayejazia maji ya bahari anaongeza chumvi juu ya chumvi.

Ngurumo ya kulia

Kelele ya pampu hutoka sehemu mbili tu, ndani ya pampu au pale inapogusana na kitu kingine, na kuzitenganisha huchukua dakika moja. Zima umeme, toa pampu, itumbukize katika ndoo ya maji ya tangi ukiishika kwa waya bila pampu kugusa ndoo, kisha mtu mwingine aiwashe. Ikinyamaza, tatizo ni kishikio (sumaku mbili, ya ndani na ya nje, zinazoibana pampu kwenye kioo) na kioo. Ikiendelea kunguruma, tatizo ni impela, shafti (kijiti inachozungukia) au bushi (vipande vinavyoshika ncha za shafti).

Hii iliendelea. Ilipofunguliwa, kiini cha sumaku kinachozunguka kilikuwa kimevaa ganda jeupe la chokaa, na upande mmoja ganda lilikuwa nene zaidi. Chokaa ya maji ya bahari hupenda kuganda mahali penye joto, na ndani ya pampu ndipo penye joto kuliko kote. Nafasi kati ya kiini na ukuta wake ni ndogo mno; ganda la unene wa karatasi linatosha kukwaruza. Mbali na hilo kulikuwa na punje mbili za mchanga, ushahidi wa siku za shimo lile.

Usafi wake ni huu. Siki nyeupe na maji ya uvuguvugu, sehemu sawa, katika ndoo. Pampu iwashwe ndani ya mchanganyiko huo kwa nguvu ndogo, dakika 30 hadi saa nzima. Kisha ifunguliwe, isuguliwe kwa mswaki uliochakaa, hasa ndani ya tundu la kiini, ambako mswaki wa mtoto unaingia vizuri zaidi. Isuuzwe kwa maji safi mara mbili. Chokaa ikikataa, asidi ya sitriki, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, inafanya kazi haraka kuliko siki. Usitumie sabuni kamwe, na usichanganye siki wala asidi hiyo na jiki au dawa yoyote yenye klorini, kwani hutoa gesi ya sumu. Siki iliyotumika imwagwe chooni. Ikimwagwa ndani ya tangi inashusha pH na kulisha bakteria hadi maji yawe meupe kama tui.

Wakati pampu imefunguliwa, angalia vitu vitatu. Shafti ya kauri: izungushe juu ya meza, ikiyumba imepasuka. Bushi za mpira katika ncha zake: zikiwa zimelegea au zina mkato, pampu itatetema hata ikiwa safi. Na sumaku ya kishikio inayokaa ndani ya maji: doa la kahawia au uvimbe kwenye plastiki yake maana yake maji yameingia, sumaku inaota kutu, na haifai kurudi tangini hata kama bado inashika.

Ya kushoto, inayozima

Hapa watu hutupa pesa, kwa sababu dalili moja ina vyanzo vinne: pampu, kontrola, adapta, au viunganishi vya waya. Kwa bahati tangi hili lina seti mbili zinazofanana, na hiyo ni zaidi ya kipimo chochote cha fundi. Zima kila kitu, kisha badilisha: pampu ya kushoto ifungwe kwenye kontrola ya kulia, na ya kulia kwenye kontrola ya kushoto. Hitilafu ikihama na pampu, pampu ndiyo mbovu. Ikibaki na kontrola, tafuta kwenye kontrola au adapta, kisha badilisha adapta peke yake ili uzitenge hizo nazo.

Hitilafu haikuhama wala haikubaki. Ilipotea kwa siku mbili, ikarudi. Tabia hiyo ni ya kiunganishi. Plagi inayounganisha waya wa pampu na kontrola ilikuwa imelazwa juu ya ukingo wa tangi, ambako matone ya maji ya chumvi hurukia. Maji hukauka, chumvi hubaki na kutambaa ndani ya plagi. Pini mbili kati ya tatu zilikuwa na kutu ya kijani. Kila ilipochomolewa na kuchomekwa, kutu ilikwaruzika na umeme ukapita vizuri kwa muda. Mvua ya siku moja, hewa yenye unyevu, na mguso ukawa mbaya tena. Kontrola ikiona umeme wa pampu unaruka inadhani impela imekwama na inazima ili kuilinda.

Pini zilisafishwa kwa spiriti na brashi ngumu, zikakaushwa, zikapakwa grisi ya silikoni kidogo, na plagi ikafungwa kwenye mguu wa meza, nje ya njia ya matone. Adapta na kontrola zilikuwa zimelala sakafuni. Zimepandishwa ubaoni ukutani. Kila waya unaotoka tangini sasa unashuka chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia soketini. Fundi umeme akaweka pia swichi ya RCD (inayokata umeme mara unapovuja) ya miliampia 30 kwa soketi zote za tangi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno, na kichujio na hita bado ni vya volti 240. Mkono hauingii majini kabla plagi hazijachomolewa, hata kama pampu yenyewe ni ya volti 24.

Kubandika tena

Kishikio cha pampu hizi kinaruhusu kioo cha hadi milimita 12, hivyo milimita 10 si tatizo. Kinachofanya sumaku iteleze ni mwani na chumvi iliyokauka kati yake na kioo. Pande zote mbili zisafishwe kwa siki na kitambaa, mpira wa kishikio uwe umekaa sawa. Bandika kwanza kipande cha ndani kwa mkono mmoja, kisha lete cha nje kikiwa kimeinama, ukingo wake ukigusa kioo kwanza, na ukilaze taratibu. Zikiachwa zirukiane zenyewe zinabana vidole au kung'oa kipande cha kioo. Ukitaka kuhamisha, telezesha kipande cha nje na cha ndani kifuate, bila kuburuta juu ya mchanga: punje moja iliyonaswa huacha mkwaruzo wa kudumu.

Mawimbi yenyewe

Mwenye tangi alitaka pia kuona uso ukipanda na kushuka, upande mmoja juu na mwingine chini. Hilo linawezekana bila nguvu kubwa, kwa sababu kila tangi lina muda wake wa kuyumba. Kwa urefu wa ndani wa sentimita 118 na maji ya kina cha sentimita 40 juu ya mchanga, muda huo ni takriban sekunde 1.4 kwa mzunguko mzima: pampu isukume sekunde 0.7, ipumzike 0.7. Tumia pampu moja tu kulianzisha, nyingine iwe katika mkondo wa kawaida. Anza na sekunde 0.5 na uongeze kidogokidogo, ukisubiri dakika moja kila mara. Ukiupata muda sahihi utaona uso unaanza kukua wenyewe kwa nguvu ileile.

Usiuache ukue zaidi ya sentimita 2. Maji ya kilo karibu 200 yanayokwenda huku na huko yanaitikisa meza kila sekunde na nusu, na meza ya tangi hili ni ya mbao za kawaida. Weka gilasi ya maji juu ya meza. Maji ya gilasi yakitetemeka, punguza. Na kuwaka na kuzima mfululizo kunachosha bushi kuliko mkondo wa mfululizo. Hivyo mawimbi yamepangwa saa mbili jioni hadi saa nne usiku, wakati watu wapo kuyaangalia, na saa nyingine zote ni mkondo unaopishana: kushoto kwa nusu nguvu huku kulia ikiwa robo, kisha kinyume chake kila baada ya saa sita hivi, karibu na mwendo wa kupwa na kujaa.

Usiku pampu hazizimwi. Wengi huzizima ili samaki walale, na wakati huo ndio hatari. Taa zikizimwa mwani hautoi tena oksijeni bali unaitumia, na maji ya bahari ya nyuzi 28 hubeba oksijeni kidogo, kama miligramu 6.4 kwa lita yakiwa yameshiba kabisa. Uso unaokunjamana ndio mlango pekee wa hewa.

Kwa sababu hiyohiyo umeme unapokatika pampu moja ya DC inafaa kuliko vifaa vingine vyote. Betri mbili za volti 12, ampia-saa 7, zikiunganishwa mfululizo zinatoa volti 24. Pampu kwa theluthi ya nguvu inakula wati 5 hivi, na hata ukitumia nusu tu ya chaji ili usiziue betri, unapata zaidi ya saa 12. Fyuzi ya ampia 3 iwekwe karibu kabisa na betri. Betri zilizojaa hufika volti 26 au 27, kwa hiyo lebo ya kontrola isomwe kwanza kama inavumilia kiwango hicho. Umeme ukirudi, kagua: kontrola ya kushoto husahau mpangilio na kuanza kwa nguvu zote, na shimo la mchanga lingeweza kurudi kwa usiku mmoja.

Kilichobaki ni bushi za pampu ya kulia. Baada ya kusafishwa ngurumo imeisha, lakini kwa zaidi ya asilimia 70 ya nguvu bado inatetema. Kiini kipya na shafti na bushi zake huuzwa kama seti moja, kwa bei ndogo kuliko pampu nzima. Kikipatikana kitabadilishwa wakati wa usafi ujao, wiki nane kutoka sasa.